Kiolezo cha Nne

Jana violezo vya gitaa, vilivyokatwa kwa boksi na kuning'inizwa ukutani mwa karakana, vilikuwa vitatu. Asubuhi hii vilikuwa vinne.

Fundi seremala alivitazama mpaka chai ikapoa mkononi mwake. Vitatu alivikata mwenyewe: cha pembe mbili, cha mviringo, na kimoja kilichochongoka kama mshale, ambacho hata yeye alikiona cha kihuni. Hicho cha nne hakukijua. Kilikuwa chembamba katikati, kimepinda upande mmoja, na kilinuka nywele zilizoungua.

"Ni wewe?" alimuuliza mpaka rangi, rafiki yake waliyegawana naye karakana.

"Mimi na gitaa wapi na wapi? Mimi brashi tu, ndugu yangu."

Hilo lilikuwa gitaa la kwanza la umeme kwa fundi, na wala hakulitengeneza kwa kupenda muziki. Binti yake wa pekee alikuwa na bendi, na bendi ilikuwa inahamia mji wa mbali. Tangu mama mtu afariki, nyumbani walibaki wawili tu. Fundi alijidanganya kwamba msichana akipata gitaa la mkono wa baba yake, atapigia papa hapa. Kila aliposukuma randa aliomba kimoyomoyo abaki.

Binti alikuja mchana, akavipakata kimoja kimoja. Cha pembe mbili kilimchoma kifuani. Cha mviringo kilimteleza pajani. Cha mshale kilimchekesha. Alipokipakata cha nne hakukitua.

"Hiki, baba. Kimenikaa sawasawa."

"Hicho sikukikata mimi, mwanangu."

"Basi aliyekikata ananijua."

Fundi alipogeukia meza ya kazi, alikuta ubao umeshachorwa umbo lile lile kwa penseli nzito. Sasa, katika karakana ile mstari ukishachorwa haufutwi, hukatwa. Ndivyo alivyofundishwa kazi, na ndivyo alivyomgombeza kila mtu miaka yote. Akachukua msumeno, akakata.

Bodi, yaani mwili wa gitaa, ilitoka na joto, kama kitu kilichotoka kupakatwa. Kabla hata haijafungwa nyuzi ilikuwa ikivuma chini chini juu ya meza, na mpaka rangi akakataa katakata kuigusa.

Binti alilipenda gitaa lile kuliko kitu chochote, akalipiga mchana kutwa, akala nalo mapajani, akalala nalo kifuani, na siku bendi ilipokuja kumchukua hakuinua hata uso, wenzake wakamwita mlangoni mpaka wakachoka wakaenda zao, na chumbani ile harufu ya nywele ikazidi, na chini ya sauti yake alipoimba ikasikika sauti nyingine, nzito, ikimfuatisha kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayejifunza maneno.

Mpaka rangi ndiye aliyemleta mganga, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Alisikiliza ukutani mwa chumba cha binti, kisha akamvuta fundi pembeni.

"Limekuja kwa kuombwa," alinong'ona. "Mkono uliokata ndio utakaokata tena. Lipasue katikati. Mtoto atalia, wewe usisimame. Ukimaliza atakuwa huru, na atakwenda zake."

Fundi akaenda na msumeno. Binti hakumzuia, alimtazama tu huku gitaa likiwa mapajani. Meno ya msumeno yalipougusa ubao, msichana alijishika mbavu akaguna.

"Baba, kata," alisema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, ya kuomba. "Nataka kwenda."

Fundi akasimama. Machozi yalimtoka kweli, lakini msumeno haukusogea.

"Siwezi kumuumiza," alimwambia mganga aliyesimama mlangoni.

"Maumivu yake siyo unayoyaogopa," mganga akajibu.

Fundi alimshukuru kwa adabu, akamsindikiza hadi nje, akafunga mlango kwa komeo. Kisha akapakua chakula, akaketi kando ya binti yake, akaanza kumlisha kwa kijiko, maana mikono ya binti haikubanduka tena kwenye gitaa.