Salamu Iliyokatizwa

Mkono wa kulia wa Pankras haukupata joto tangu alipopeana mkono na yule mnunuzi wa kahawa. Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milima kuja kijijini Matiri, kila mmoja na gari lake na tabasamu lake. Pankras, kwa kiherehere cha kuuza, hakumuuliza mgeni hata kwao ni wapi. Mgeni alimshika mkono, akasema, "Tumekubaliana," akaondoka.

Mkewe, Benadetha, alikasirika. Kwao mkono hauachiwi kabla watu hawajaulizana habari za wazazi, watoto, hata mbuzi. Salamu ile ilikatizwa, na sasa mkono wa mumewe ulinuka tope la ziwa, ilhali ziwa liko mbali, chini ya milima. Wakiwa mezani, vidole vyake vilijikunja kana kwamba vimeshikwa, kisha mkono ukanyooka wenyewe, ukamvuta kutoka kwenye kigoda hadi mlangoni, naye akimnong'oneza mkewe, "Mama Luisa, bado amenishika."

"Basi ataachia," Benadetha alisema.

Mchana mmoja Benadetha akiosha kahawa uani, alisikia hodi. Yule mnunuzi alikuwa amesimama mbele yake, kiganja wazi. Ndani, Pankras aliguna kwa maumivu.

"Nimekuja kwa mkono wako, mama."

"Mikono ina ute wa kahawa," Benadetha alijibu, akamnyooshea kifundo cha mkono, kama afanyavyo yeyote mwenye mikono michafu. Mgeni alipokishika, yeye akageuza vidole vyake, akakibana kifundo cha mgeni. Hapakuwa na mshipa uliopiga.

"Habari za kwenu?"

"Nzuri."

"Kwenu wapi?"

Mgeni aligeuza uso kuelekea bondeni.

"Mama yako hajambo? Anaitwa nani?"

"Niachie, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Salamu haijaisha. Nani alikuzaa?"

Mgeni alivuta, na harufu ya tope ikajaa uani, na kuku wakakimbilia migombani, na baridi ikampanda Benadetha hadi begani, lakini akaendelea kuuliza, mama, baba, bibi, mpaka shati la mgeni likanywea tupu mkononi mwake, maji yakatiririka hadi mtaroni.

"Umepata moto," Pankras alilia ndani. "Mkono umepata moto."

Alama za vidole vya mgeni hazijafutika kifundoni mwa Benadetha, na mvua ikinyesha huwa baridi. Mwenyewe hajaribu kuzificha. Gari la mnunuzi yeyote likisimama, yeye ndiye hutoka kwanza, humshika mgeni mkono, na hamwachii mpaka amtajie jina la mama yake.