Kiapo cha Fundi Ogutu

Mimi nimesimulia vioja hapa madukani Adams Arcade mpaka wanaume wenye ndevu wakaomba kusindikizwa nyumbani. Lakini hiki cha Ogutu, fundi wa simu, hunikausha mate hata mimi.

Saa kumi na mbili jioni Ogutu alifunga kibanda, akashika njia ya mtaa wa Jamhuri kumchukua Were, mdogo wake. Siku tatu Were hakuwa amefika nyumbani. Alikuwa kwenye chumba cha gemu cha Syokau, akicheza ule mchezo wa zamani wa mpanda farasi bondeni, ule ambao vijana kutoka katikati ya jiji mpaka Dagoretti wanasema haujapata mwenzake.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, harufu ya udongo mbichi... kama wa kaburi la leo.

Vijana watano benchini. Hakuna aliyepepesa jicho. Were alikuwa wa mwisho, na fulana yake ya njano, midomo imepasuka.

"Were, twende. Mama analia."

Vidole vya Were viliendelea kubonyeza tu.

"Hakusikii," Syokau akanong'ona nyuma ya pazia. "Anayeupenda mchezo huu hubaki humo. Lakini cheza, mgeni. Usipokugusa, mchukue ndugu yako."

Ogutu akatabasamu. Yeye ni mtu wa kuchagua. Hata harusi yake aliipa alama sita kwa kumi. Akashika pedi ya kuchezea. Farasi mzito. Nyasi. Nyasi tena. Akapiga miayo. Alipofika mtoni tu, jua likizama majini, moyo ukapata uvuguvugu... kama chai iliyosahauliwa mezani.

Halafu akawaona.

Ng'ambo ya mto, mle kwenye skrini, watu watano wameketi. Mmoja amevaa fulana ya njano ya Were. Alikuwa anampungia mkono.

Pedi ikamponyoka.

"Umeuonaje?" Pumzi ya Syokau ilikuwa sikioni sasa.

"Wa kawaida. Haujanigusa hata kidogo."

"Hata pale mtoni?"

Ogutu alimtazama Were. "Hata mtoni."

"Apa."

Akalamba kidole, akakipitisha shingoni, akakielekeza juu, vile tumeapa tangu utotoni. "Kama naongopa, nisipende kitu tena."

Skrini ikazimika. Were akakohoa.

"Bro... niko na njaa."

Hawakusimama mpaka Ngong Road. Njia nzima Ogutu alijisifu kwamba amemshinda shetani kwa miayo.

Nyumbani, mama yao alimkumbatia Were akalia mpaka akakaa chini. Ivyne, binti wa Ogutu wa miaka minne, alikuja mbio kama kila jioni, akamrukia babake shingoni.

Ogutu akambeba. Akangoja moyo uruke, vile huruka.

Akangoja...

Mikononi kulikuwa na uzito wa mtoto. Basi.

Ivyne alimchunguza uso kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Naliaka, mamake.

"Mama, baba amebaki wapi?"

Naliaka akacheka, akidhani ni mchezo. Ogutu alitaka kulia. Hata chozi halikuja.