Nafasi ya Kifungua Mimba

Kwa jina la Mungu aliyemfinyanga Adamu kwa udongo akamfundisha majina, wala hakuwafundisha walioumbwa kwa ulimi wa moto. Mola awajuaye waliozaliwa na wasiozaliwa, asiyewachanganya hata siku moja. Nipeni masikio yenu, nami nimtaje kwanza mwenye kisa kwa asili yake, kama adabu inavyotaka. Ni Ishmael Muturi, mwana wa Mugo, mwana wa Gathiru, watu wa migongo ya Murang'a, waliohamia tambarare ya Kitengela ambako upepo haupati pa kupumzika. Na mama yake alikuwa binti wa mzee aliyeitwa Muturi. Yashikeni majina hayo, kwa maana shari yote ya kisa hiki iliingilia hapo.

Ilianza kwa chai. Alasiri moja Cate, mke wa Ishmael, alimimina vikombe vitatu akavipeleka katika chumba alimofanyia kazi mumewe. Nyumbani walikuwa wawili tu. Alipofika mlangoni alisimama akavitazama vile vikombe kana kwamba vimebebwa na mkono wa mtu mwingine.

“Baba Mugo,” akasema, akimwita kwa jina la mwana wao aliyerithi jina la babu, “mgeni wako ameenda saa ngapi?”

Ishmael akamwambia hakukuwa na mgeni. Cate alisema alikuwa jikoni akiwasikia wanaume wawili wakizungumza, tena wakicheka, na mmoja alikuwa na sauti nzito kidogo kuliko ya mumewe. Kisha akanusa, akauliza ni nani anayechanganya saruji humo ndani. Harufu ile ilikuwapo kweli: saruji mbichi, na ndani yake, kwa mbali, maziwa yaliyochacha.

Sasa ni lazima mjue kazi iliyofanyika katika chumba hicho. Ishmael alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, na karibu kila daraja dogo kwenye mito mikavu ya Kajiado lilipita mikononi mwake. Alipostaafu aliingia kazi ya nasaba. Watu wengi wa Kitengela walikuwa wamenunua viwanja huko na kuyaacha makaburi ya babu zao mbali, na watoto wao hawakujua wametoka kwa nani. Ishmael aliwatafutia. Aliwahoji wazee, akasoma vitabu vya ubatizo, kisha akachora ukoo mzima juu ya karatasi pana, kwa unadhifu uleule aliochorea nguzo za madaraja. Wateja walimsifu, na yeye akawa mtu wa furaha.

Lakini alikuwa na tabia moja ya kazi yake ya zamani. Mhandisi akichimba shimo hapa akaupata mwamba, akachimba tena kule akaupata mwamba uleule, huchora mstari kati ya mashimo hayo na kusema mwamba unapita hapa, ijapokuwa hajauona. Daraja hujengwa juu ya mstari huo na husimama. Basi siku alipochora ukoo wake mwenyewe alikuta pengo. Desturi ya watu wake ni kwamba mwana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba, na wa pili jina la baba wa mama. Yeye aliitwa Muturi, jina la baba wa mama. Kwa hiyo, alijiambia, alikuwa wa pili. Palikuwa na wa kwanza, ambaye bila shaka alikufa mchanga, na wazazi kwa uchungu hawakumtaja tena. Wazazi walikuwa wamekwisha kufariki, na Ishmael hakumwuliza mtu mwingine. Alichora mstari. Juu yake, upande wa kulia wa jina lake, akaandika: Gathiru, kifungua mimba.

Na alipomaliza kuandika alilia, kwa sababu alikuwa amekua peke yake katika boma lenye watoto wa watu wengine, na kiu ya ndugu haikuwa imemtoka hata uzeeni. Akalitamka jina hilo kwa sauti. Akasema, “Karibu nyumbani, ndugu yangu.”

Ndugu zangu, viumbe wa moto wana kabila zao na wafalme wao, lakini wako wengine walio kama ombaomba, wanaozunguka majumba ya wana wa Adamu wakitafuta mahali palipoachwa wazi. Mmoja wao alisikia akikaribishwa.

Baada ya kile kikombe cha tatu, Ishmael alianza kumsikia. Hakuogopa mwanzoni, na hilo ndilo la kutisha zaidi. Sauti ilikuja jua likiinama, kutoka kwenye kiti kilicho upande wa dirisha, ikamwita kwa lugha ya mama yake, “Muru wa maitu,” yaani mwana wa mama yangu, na ikamkumbusha mambo. Unakumbuka nilivyokubeba mgongoni tukavuka mto, ukapoteza kiatu? Ishmael alikumbuka. Unakumbuka nilivyopigwa kwa ajili yako ulipovunja chungu? Alikumbuka hilo pia, na machozi yakamtoka. Siku baada ya siku utoto wake ulijaa, hata akawa hawezi kuikumbuka njia yoyote aliyopita mtoni, au usiku wowote wa mvua, au sahani yoyote ya githeri, pasipo kuliona bega la mvulana mkubwa kuliko yeye likiwa pembeni mwake, bega tu na kisogo, kwa maana uso wa mvulana yule katika kumbukumbu zote hizo ulikuwa umegeukia upande mwingine.

Katika ua wa Ishmael na Cate, nyumba ya pili, waliishi Mugo, mwana pekee wa Ishmael, na mkewe Soipan, binti wa mzee Kuntai wa Kajiado. Walikuwa na wavulana wawili: wa kwanza aliitwa Muturi kwa babu yake, wa pili Kuntai kwa babu wa upande wa mama. Soipan alikuwa mjamzito tena, na kliniki ilikuwa imesema ni mvulana. Wa tatu huitwa kwa ndugu wa baba; na baba akikosa ndugu, hupanda ngazi moja juu, kwa ndugu wa babu.

Sauti ilimwambia Ishmael hayo kwa upole mwingi. Ikasema, “Niite katika mtoto huyo. Akiitwa kwangu, nitakuwa na mahali pa kukaa.”

Ishmael aliuliza mtoto mwenyewe atakaa wapi. Harufu ya saruji ikajaa chumbani hata akafungua dirisha.

Wiki ileile Soipan alimjia Cate jikoni, ameshika tumbo, akazungumza kwa kunong'ona. “Mama, kuna mtu anaongea na mtoto wangu. Naosha vyombo, nasikia mwanaume nyuma ya mgongo wangu, nikigeuka hakuna. Na akiita, mtoto anageuka kwenda kwa hiyo sauti.” Kliniki ilimpima ikakuta mtoto amekingama tumboni. Daktari alisema akibaki hivyo watampasua, na kwamba mapigo ya moyo yalikuwa yakipungua kwa namna asiyoielewa, kama ya mtu anayesikiliza, kisha yakirudi.

Ishmael aliposikia, hofu ilimwingia kwa mara ya kwanza. Alikwenda Gataka kwa tata Rahab, dada ya baba yake, mwanamke mkongwe aliyekuwa bado na akili kali, akamwuliza kifungua mimba wa mama yake, Gathiru, alizikwa wapi.

Tata alicheka, akamwuliza kama madaraja yamemwangukia kichwani. Kisha alipouona uso wake akaacha kucheka. Akamweleza kwamba mzee Gathiru, babu yake, alichukia ndoa ile ya mwanawe, akaapa kitandani pake kwamba hakuna mtoto wa mwanamke yule atakayebeba jina lake. Ndiyo maana yeye, ingawa kifungua mimba, aliitwa kwa upande wa mama.

“Nilikuwa mlangoni ukizaliwa,” akasema. “Tumbo la mama yako lilifunguliwa na wewe, na likafungwa na wewe.”

Ishmael akauliza, kwa sauti ndogo, basi aliyembeba akavuka mto ni nani. Tata Rahab alimshika mkono.

Alirudi Kitengela akalifuta lile jina kwa kifutio, akakwangua kwa wembe, akaikata karatasi mahali pale. Na ile sauti, kutoka kitini, ikamwambia pasipo hasira yoyote kwamba karatasi haikuwa imemwita, bali kinywa. Na huku ikisema hivyo, kutoka nyumba ya pili, ng'ambo ya ua, kupitia kuta mbili na mlango uliofungwa, Soipan akapiga ukelele, na Ishmael akakimbia, na alipokuwa akikimbia alisikia nyuma yake hatua za mtu mwingine zikikimbia sambamba na zake, nzito kidogo kuliko zake, kama wanavyokimbia ndugu wawili ambao nyumbani kwao kumepatwa na msiba.

Walimpakia Soipan garini, na yeye, kwa uchungu wake, akaomba apelekwe Kajiado kwa baba yake. Mugo aliendesha, na njia nzima Cate aliyekaa nyuma na mkwewe alijibana mlangoni, kwa sababu kiti cha katikati, kilichokuwa kitupu, kilikuwa kimebonyea.

Mzee Kuntai aliwapokea langoni. Alikuwa mzee wa kanisa na mfugaji, mtu wa maneno machache. “Supa, pakiteng,” alimsalimu Ishmael kwa lugha ya watu wake, pakiteng likiwa neno la waliopeana ng'ombe, na Ishmael badala ya kuitikia akamweleza yote palepale, jua likiwa juu, ng'ombe wakiwatazama.

Kuntai alisikiliza hadi mwisho. “Sisi mtu akifa hatumtaji jina,” akasema. “Tunamwacha alale. Wewe umemtaja ambaye hakuzaliwa. Huyo atalala wapi?”

Akachuma nyasi mbichi kando ya birika la ng'ombe, akaleta kibuyu cha maziwa, akasimama mlangoni mwa nyumba alimolazwa binti yake. Aliomba kwa jina la Yesu na kunyunyiza maziwa kizingitini, kisha akasema kazi iliyobaki si yake, wala si ya mchungaji. Aliyemkubali ndiye amkane, mbele ya watu, akiwa anamtazama.

Ishmael akageuka. Upepo wa tambarare ulikuwa ukivuma kutoka kaskazini, na katikati yake palikuwa na vumbi lililosimama wima, lisilopeperuka, lenye urefu na mabega kama ya Ishmael. Na ndani ya vumbi lile, kwa mara ya kwanza, kisogo kikaanza kugeuka.

Alijua akiuona uso ule atampenda. Akasema haraka, kabla haujamgeukia: “Mimi ndimi kifungua mimba wa mama yangu. Sina aliyenitangulia. Nilikua peke yangu. Mtoni nilivuka peke yangu.”

Kila neno lilimng'oa kitu. Ndani ya nyumba Soipan alilia, kisha Cate akaita kwamba mtoto ameanza kugeuka.

“Basi niambie,” sauti ikasema, na ilikuwa sauti ya mvulana, iliyovunjika, “mimi ni nani?”

Midomo ya Ishmael ilifunguka. Alikuwa mtu ambaye maisha yake ya uzeeni yalikuwa kulijibu swali hilo kwa kila aliyemjia. Kuntai akamfumba kinywa kwa kiganja chake chenye maziwa, akamshikilia hivyo, wazee wawili wamesimama kifua kwa kifua, hata vumbi likainama, likaenda zake kinyume cha upepo, kuelekea upande wa Rongai.

Mtoto alizaliwa kabla ya jua kuzama, kichwa kikitangulia. Waliruka desturi, wakamwita Parmuat, kwa ndugu wa Soipan, aliye hai na mwenye afya, na jina lilitamkwa na Kuntai. Ishmael hakuombwa kulitamka, wala hakutaka. Hadi leo hachori nasaba, na akipita penye mto huteremka garini akasimama kidogo, kama mtu aliyeachwa na mwenziwe.

Nako Nkoroi, upande huohuo wa Rongai, mwezi uliofuata, familia moja isiyojua lolote kuhusu haya ilisimulia kanisani kwa shukrani kubwa kwamba ndugu wa babu yao, aliyedhaniwa alipotea zamani, amekuja alasiri akabisha hodi, akawakumbusha mambo mengi. Walipoulizwa sura yake, kila mmoja alidhani mwenziwe ndiye aliyeiona.

Nanyi mliosikiliza, Mungu awape watoto wenye majina yenu na wazee wa kuyatamka. Nafasi zilizo wazi katika nyumba zenu azijaze kwa watu aliowaumba mwenyewe. Na asipotaka kuzijaza, awape moyo wa kuziacha wazi. Amina.