Chupa ya Bluu ya Mtaa wa Kongo

"Mgeni kashuka. Anatembea kwa miguu."

Sauti ya Leodegar, mkuu wa operesheni, ilikwaruza sikioni mwa Arwa, chini ya mtandio mweusi.

"Namwona, Mkuu."

"Usimguse mpaka atupeleke kwenye mzigo. Ukimpoteza, tumekwisha."

Arwa aliiacha kahawa yake pale Posta ikifuka mvuke, akavuka barabara.

Pasipoti ilimtaja kuwa ni Daniel Korda, mtalii, katua alfajiri ile na hajawahi kukanyaga Bongo. Kofia ya ukili, miwani ya Ray-Ban, kamera ya Nikon kifuani. Kila aliyemsalimu alimjibu "Jambo!" meno yote nje. Pale Mnazi Mmoja alinunua dafu, akanywa, akafuta midomo, akaendelea na Mtaa wa Uhuru kuelekea Kariakoo.

Arwa alikwishafuata wageni wengi katika kazi yake. Siku ya kwanza mgeni hupotea. Husimama katikati ya njia, hugeuzageuza simu, huuliza, hukoswakoswa na mikokoteni.

Huyu hakuuliza.

Alikata kona za Kariakoo kama mtu anayekwenda msalani kwake gizani.

Arwa aliongeza mwendo. Wiki iliyopita kidonge cha mionzi kilikuwa kimeibwa kwenye ghala moja mikoani. Kidogo, hakizidi punje ya harage. Idara ya usalama ilinasa simu moja tu kutoka ng'ambo: kidonge kitalipuliwa sokoni, vumbi lake liingie kila pafu. Na hii ilikuwa siku moja kabla ya Idi. Kina mama, watoto mgongoni, viatu vipya, vitenge, viungo vya pilau. Hapakuwa na pa kutia mguu.

"Anaingia Mtaa wa Kongo, Mkuu."

"Kipimo kinasemaje?"

Alichungulia kipima mionzi kilichofichwa ndani ya ganda la simu ya Samsung.

"Kimya."

Kikatetemeka kiganjani. Mara moja. Kisha bila kukoma.

Korda alikuwa amesimama mbele ya duka la vyombo. Chupa za chai zilipangwa hadi darini. Nyuma ya kaunta alikaa mama mmoja wa Kichaga, amejitanda khanga wakati mtaa mzima unavuja jasho. Uso ulikuwa umempauka kama majivu.

Mtalii alivua miwani.

"Shikamoo, Mama Agnesi. Nimefuata ile chupa ya bluu aliyoniachia Robert."

Kiswahili kilichonyooka. Hata lafudhi ya kigeni hakuna.

Arwa alijifanya anachagua vikombe.

"Marahaba, baba. Huyo Robert naye! Kaomba nimwekee siku mbili, keshatokomea." Mama Agnesi aliinama, akaitoa chupa chini ya kaunta kwa mikono miwili. "Nzito kama jiwe. Ina nini?"

"Zawadi ya sikukuu."

"Haya. Acha nami nifunge nikapime. Tangu jana natapika tu. Malaria gani hii isiyo na homa?"

Haikuwa malaria. Arwa alijua, na Korda alijua. Mwanaume yule alitabasamu, akaaga kwa adabu, akaondoka na chupa kwapani.

"Mkuu, anao mzigo. Leta gari, na daktari wa mionzi. Kuna mama hapa kaukalia."

"Dakika chache. Mzuie."

Korda alifika njia panda, penye meza ya kanzu za watoto. Watu walibanana bega kwa bega. Akaishusha chupa mezani, akaivua kamera shingoni na kuanza kuifunga ubavuni mwa chupa kwa mkanda wake. Kifuniko cha lenzi hakikuondolewa. Arwa akaelewa.

"Hiyo si kamera. Ni bomu."

Mkono wake uligusa bastola ya Glock chini ya baibui.

"Nimpige?"

"Ukikosa, unaua watu. Ukimpata, kidole chake kinaweza kubonyeza."

"Nipige yowe la mwizi?"

"Usithubutu! Wakimvamia, wataiponda chupa pamoja naye."

Ilibaki mikono, na kalamu moja mfukoni.

"Pisha! Pisha mzigo!" Mkokoteni wa marobota ulipasua umati. Arwa akajibanza nyuma yake, akatembea nao, akatokeza ubavuni mwa Korda. Kidole gumba cha mwanaume yule kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kamera.

Arwa alikidaka, akakikunja kinyume.

Kikalia ko! kama muwa.

Korda hakupiga kelele. Alimkazia macho makavu, mkono wa pili ukimparamia koo. "Wewe nani?"

"Mwenyeji wako."

Arwa alimchoma shingoni kwa kalamu ya Parker. Haikuwa na wino. Ilikuwa na dawa ya kulaza ng'ombe. Korda aliyumba. Akaanguka na kuiburura meza, kanzu zikamwagika, chupa ikabingirika hadi ukingoni.

Arwa aliidaka ikiwa hewani.

Kwa pumzi moja, Kariakoo yote ilikuwa mikononi mwake.

"Vipi dada, kaka kazimia?" muuza kanzu aliuliza.

"Jua limemzidi. Mgeni huyu."

Noah nyeupe ilipenya ikipiga honi. Wanaume wawili wenye sanduku zito la madini ya risasi waliipokea chupa. Wengine walimbeba Korda. Mtaalamu aliing'oa kamera na kukata waya ndani yake.

"Salama," Leodegar alipumua sikioni mwake. "Robert aliyeiacha chupa tumemnasa Magogoni, akisubiri pantoni avuke. Wewe umeishika kwa muda gani?"

"Si muda wa kuniua."

"Ukapimwe leo hii. Ni amri."

Mama Agnesi aliongozwa garini na daktari, hatua kwa hatua. Alimshika Arwa mkono. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, vimevimba.

"Mwanangu, nitapona?"

Arwa hakupenda kudanganya wagonjwa. "Umewahiwa, mama. Watapambana."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. Akampa ufunguo. "Basi nifungie duka."

Arwa alilivuta geti la chuma, akatia kufuli. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimgusa bega.

"Dada, hizo chupa za chai bei gani?"

"Leo hatuuzi."

Akarekebisha mtandio, akaingia katika umati wa Kongo kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Sokoni, manunuzi ya Idi yaliendelea.