Tuta Refu la Mzee Isdori

Getruda alipoupiga picha, msalaba haukuwa na maandishi. Vilikuwa vijiti viwili tu vya mkaratusi, amevifunga mwenyewe kwa kamba. Sasa, kwenye kompyuta ya studio yao Sumbawanga mjini, ulisomeka: IS.

"Kaka Balta, umechezea picha zangu?"

Baltazari, mtayarishaji wa tamthilia, alikuwa ametoka kupeleka flashi kwenye kamati ya ukaguzi. Tamthilia ilihusu ndugu wanaogombea shamba la baba yao aliye hai, na Getruda ndiye aliyetunga picha za ufunguzi: jembe lisilo na mpini, kigoda kitupu, kisha ukungu juu ya matuta ya Ufipa, yale ya mviringo yanayofukiwa majani, na katikati yao tuta moja refu lenye msalaba. Hakuna neno linalosemwa, lakini mtazamaji ameshaelewa kwamba mzee anazikwa akiwa anapumua.

Tuta hilo Getruda alilifinyanga Laela, shambani kwa baba yake, Mzee Isdori. Kibali cha kupiga picha kilikuwa na mihuri mitatu. Mzee hakuulizwa, fomu haikuwa na nafasi yake.

"Nichezee ili iweje? Hebu irudishe nyuma," alisema Baltazari.

Akairudisha, ikacheza tena. ISDO.

Chumba kikanuka majani yaliyooza chini ya udongo, kutoka kwenye spika kukasikika jembe likipiga polepole, ingawa hawakurekodi jembe lolote, na simu ya Getruda ikaita katikati ya mapigo hayo kana kwamba aliyekuwa akilima ndiye aliyeipiga. Alikuwa shangazi yake, Bertilla.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Baba yako ameanguka. Anasema ana udongo kifuani."

Getruda akanong'ona, "Shangazi, nilitengeneza kaburi shambani. La picha tu."

"Ndani uliweka nini?"

"Sikuweka kitu."

"Mtoto wewe! Kaburi likikosa mtu si tunazika mgomba? Umelifungulia jini nyumba, nalo linamwita mwenye shamba. Usiifungue tena hiyo picha. Mgomba nitaukata mimi."

Baltazari alitazama saa. "Kamati inaangalia saa kumi."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

Walikimbia. Ukumbini wajumbe tisa walikuwa wameshapewa soda.

"Mwenyekiti, naomba msiicheze!" Getruda alipaza sauti.

"Hoja ije kwa maandishi," alisema mwenyekiti, Bwana Eustace, akabonyeza, picha zikatokea ukutani.

Jembe. Kigoda. Ukungu ukafika kwenye tuta, na wajumbe wakaanza kuziba pua huku kila mmoja akimtazama jirani yake kwa lawama, na herufi zikachomoza kwenye kijiti moja baada ya nyingine, ISDO, halafu R, na simu ikatetemeka mkononi mwa Getruda.

"Tumeshazika," Bertilla alisema akihema. "Nimeufukia kwa mikono yangu. Baba yako ameketi, anadai ugali."

Kwenye ukuta herufi zilififia hadi kijiti kikabaki cheupe. Getruda akaanza kulia kwa furaha.

Kisha kijiti kikaandika upya: BER.

"Shangazi," alisema, "limekugeukia wewe uliyelifungia nyumba, toka shambani. Shangazi?"

Kwenye simu lilisikika jembe tu.

"Kazi nzuri sana," Bwana Eustace alisema. "Napendekeza tuione tena."

"Naunga mkono," walijibu wajumbe, na kidole cha mwenyekiti kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.