Mshale wa Tatu wa Sikitu

Keti vizuri. Miguu yako imetulia? Na vidole je? Basi sikiliza habari za Sikitu, ambaye miguu yake haikutulia hata dakika moja.

Sikitu alikuwa na miaka saba. Aliishi na Bibi yake nje kidogo ya mji wa Singida, katika nyumba iliyozungukwa na alizeti.

Akila, miguu yake ilicheza chini ya meza. Tap, tap, tap.

Akisoma, macho yake yaliruka kutoka neno la kwanza hadi neno la mwisho. Maneno ya katikati aliyaacha yajisome yenyewe.

Jioni, Sikitu ndiye aliyefunga chandarua. Alipanda juu ya kiti, akanyoosha mikono, akafunga kamba kwenye msumari. Bibi hakuweza. Siku moja aliteleza kisimani, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haukupanda juu.

"Nesi anasema nilizoeze bega," Bibi alisema. "Lakini bega hili lina kiburi. Linakataa."

Jumamosi moja, Mwalimu Shango alileta pinde tano shuleni. Alizichonga mwenyewe, moja moja.

Mwisho wa uwanja alisimamisha gunia lililojaa majani makavu. Katikati ya gunia alipaka duara la manjano. Watoto wakaliita jua.

Kisha akachora mstari mrefu wa majivu, kutoka upande mmoja wa uwanja hadi upande wa pili.

"Filimbi ikilia mara moja, tunalenga," alisema. "Ikilia mara mbili, tunakwenda kuokota mishale. Kabla ya hapo, mguu wa mtu usivuke mstari huu. Hata kidole."

"Ndiyo, Mwalimu," watoto wakajibu.

Sikitu naye alijibu. Miguu yake ndiyo haikujibu.

Mwalimu akawafundisha maneno ya kusema moyoni, polepole:

*Miguu, tulia. Pumzi, ingia, toka.*
*Jicho, tazama. Subiri… subiri… achia.*

Piii! Filimbi ikalia mara moja.

Sikitu akavuta kamba ya upinde. "Miguupumzijichoachia," akasema, yote kwa mkupuo mmoja.

Fyuuu… pu. Mshale ukaanguka majanini, mbali kabisa na gunia.

Sikitu aliuona mshale wake kwenye majani. Aliutaka. Aliutaka sasa hivi. Na miguu yake ikaondoka naye.

"Simama!" Mwalimu akapaza sauti. "Wote, shusheni pinde!"

Sikitu akageuka. Nyuma yake, rafiki yake Msengi alikuwa amevuta upinde hadi mwisho. Mshale wake ulikuwa unamtazama Sikitu.

Msengi akashusha upinde. Akauweka chini. 

"Sikitu, ningekupiga," akasema. Akaanza kulia.

Sikitu alitazama miguu yake. Ilikuwa imesimama upande wa pili wa mstari, upande usio wake. Aliogopa. Kisha akaona aibu. Kisha naye akalia.

Mwalimu hakupaza sauti tena. Alichuchumaa mbele ya Sikitu.

"Pinde ni tano," alisema. "Watoto wanaozitaka ni kumi na wawili. Kwa Jumamosi tatu hutagusa upinde. Utavuta hii."

Akampa kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Na ukivuka tena mstari kabla ya filimbi, nafasi yako nitampa mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu," Sikitu akasema kwa sauti ndogo.

Nyumbani alimweleza Bibi kila kitu. Hata ile sehemu ya Msengi kulia, ambayo hakupenda kuieleza.

"Leo mmepona wote wawili," Bibi akasema. "Wewe na yeye. Haya, nionyeshe hiyo tyubu inavutwaje."

Sikitu akashika tyubu kwa mikono miwili. Akavuta. Nyiiii…

Kisha akaiachia. Pwa! Ikamchapa mkononi.

"Aa," akasema, akijisugua.

Jumatatu alimwonyesha Mwalimu alama nyekundu.

"Usiiachie," Mwalimu akasema. "Irudishe. Kuvuta ni nusu ya kazi. Kurudisha polepole ndiyo nusu ya pili."

"Kwa nini nirudishe, Mwalimu? Mimi nataka kuachia."

"Kwa sababu kuna siku mshale hautakiwi kuondoka."

Sikitu hakuelewa. Lakini alivuta, na alirudisha. Nyiiii… nyiiii… Kurudisha kulikuwa kugumu zaidi. Mikono iliwaka moto. Mgongo nao ulifanya kazi, ingawa hakuna aliyeuita.

"Lete na mimi nijaribu," Bibi akasema jioni moja.

Akavuta kidogo. Bega likasema, kri. Bibi akaguna.

"Bibi, umesahau pumzi," Sikitu akasema.

"Pumzi ninayo, mjukuu wangu. Bila hiyo ningekuwa nimekaa hapa?"

"Siyo hiyo. Hii hapa." Na Sikitu akamfundisha.

*Miguu, tulia. Pumzi, ingia, toka.*
*Jicho, tazama. Subiri… subiri…*

"Achia?" Bibi akauliza.

"Hapana, Bibi. Rudisha."

Kila jioni walikaa mlangoni na tyubu yao. Zamu ya Sikitu. Zamu ya Bibi. Nyiiii… nyiiii…

Wiki ya kwanza, mkono wa Bibi ulifika kifuani.

Wiki ya pili, ulifika kidevuni.

Wiki ya tatu, ulifika sikioni. "Nimelikamata sikio langu," Bibi akasema, akilishika vizuri lisije likakimbia. Wakacheka mpaka jirani akachungulia.

Sikitu naye alibadilika, bila kujijua. Mgongo wake ulinyooka. Ndoo yake ya maji ilifika nyumbani ikiwa imejaa. Na siku moja, darasani, alisoma mstari mzima. Neno la kwanza, neno la mwisho, na yote ya katikati.

Jumamosi ya nne, Mwalimu akamrudishia upinde.

Piii! Sikitu akavuta. Fyuuu… pu. Majanini tena, lakini karibu zaidi na gunia.

Aliuona mshale wake. Aliutaka. Aliutaka sasa hivi.

*Miguu, tulia,* akasema moyoni. *Pumzi, ingia, toka.*

Miguu ikawasha. Ikauma kidogo. Lakini ilibaki palepale.

Piii! Piii! Filimbi ikalia mara mbili. Ndipo akaenda. Alitembea, hakukimbia. Msengi alitembea pembeni yake.

"Leo umesubiri," Msengi akasema.

"Ilikuwa kazi," Sikitu akajibu.

Kisha ikaja Jumamosi ya wazazi, siku ya mashindano. Akina mama walikuja, na akina baba, na Bibi akiwa na kanga yake mpya. Kila mtoto alipewa mishale mitatu tu.

Sikitu alitaka kitu kimoja. Alitaka mshale wake uguse jua, na Bibi aone.

Mshale wa kwanza. Fyuuu… pu. Majanini.

Mshale wa pili. Fyuuu… to! Uligonga pembe ya gunia. Bibi akapiga makofi. Hilo pia lilikuwa jambo jipya, kwa bega lile.

Ukabaki mshale wa tatu.

Sikitu akasimama kwenye mstari. Akavuta kamba, akavuta, mpaka mkono ukagusa shavu.

*Miguu, tulia.* Ilitulia.

*Pumzi, ingia, toka.* Iliingia. Ikatoka.

*Jicho, tazama.* Alilitazama jua la manjano. Hakuona kitu kingine. Uwanja wote ulinyamaza ndani ya kichwa chake. Safari hii alijua mshale utafika. Alilijua hilo kwa mikono na kwa mgongo.

*Subiri… subiri…*

Ko-ko-ko.

Kuku alitoka kwenye alizeti zilizokuwa kando ya uwanja. Nyuma yake walitoka vifaranga sita. Chwi-chwi-chwi. Wakavuka uwanja bila haraka, kana kwamba ni wao walioulima.

Watano wakapita. Wa sita akasimama mbele ya gunia. Aliona mdudu.

Akasimama hapohapo kwenye majani. Hapohapo mishale ya Sikitu ilipopenda kuanguka.

"Achia tu, mtoto," baba mmoja akasema. "Utapoteza nafasi yako."

Mkono wa Sikitu ulianza kuchoka. Jua lilikuwa palepale, tayari kabisa. Huenda mshale ungefika. Huenda usingefika, ukamwangukia kifaranga.

Sikitu alimkumbuka Msengi, na alivyolia siku ile.

Kuna siku mshale hautakiwi kuondoka. Ilikuwa ndiyo hii.

Akavuta pumzi. Akaanza kurudisha kamba. Polepole. Polepole zaidi. Mikono iliwaka. Mgongo ukashikilia. Kidole kwa kidole, kamba ikarudi nyumbani.

Mshale ukabaki mkononi. Kifaranga akammeza mdudu.

Mwalimu akapuliza mara mbili, watu waende kumwondoa kuku. Kuku alifukuzwa huku, akarudi kule. Mwisho akalala mavumbini chini ya gunia, akawafunika vifaranga wake, akafumba macho. Hata Mwalimu Shango alishindwa naye.

Kisha mvua ikaanza. Ta. Ta. Ta-ta-ta-ta.

Watu wote wakakimbilia barazani. Jua la manjano likalowa, likachuruzika, likawa michirizi. Mashindano yakaishia hapo.

Sikitu alisimama pembeni na mshale wake wa tatu. Roho ilimuuma. Macho yakajaa machozi.

"Bibi, sikuligusa jua," akasema.

Bibi akamvuta karibu na kanga yake. "Nimekuona," akasema. "Nimeona ulichokifanya, chote."

Mwalimu Shango akaja, nguo zote zimelowa. Akavua filimbi shingoni. Akaishika mbele ya Sikitu kwa kamba yake.

"Mwenye filimbi huwalinda watu wote uwanjani," alisema. "Wanaolenga na wanaopita. Jumamosi ijayo, atakayeipuliza ni wewe."

Sikitu akaitazama filimbi. "Lakini Mwalimu, mimi ndiye niliyekimbia."

"Ndiyo, ulikimbia. Na leo umerudisha. Nimewafundisha watoto wengi kuachia, Sikitu. Kurudisha ukiwa tayari kabisa, wengi hawawezi. Hata wakubwa."

Akamvalisha shingoni. Msengi akasogea aione.

"Usinicheleweshe," Msengi akasema. "Mimi napenda kuokota mishale mapema."

"Utasubiri," Sikitu akajibu. Wakacheka wote wawili.

Jioni ile mvua ilipungua. Sikitu alioga, akala ugali na mlenda. Chini ya meza hapakusikika kitu. Hakuna tap, tap, tap.

Wakati wa kulala ulipofika, alianza kupanda kiti ili afunge chandarua.

"Shuka," Bibi akasema. "Niachie mimi."

Bibi akasimama. Miguu ikatulia. Pumzi ikaingia, ikatoka. Mkono wa kulia ukapanda. Ukapita kifua. Ukapita kidevu. Ukapita sikio. Ukapanda, ukapanda, mpaka kwenye msumari.

Akafunga kamba mwenyewe. Fundo moja, fundo la pili.

Wote wawili walilitazama lile fundo. Bibi alifuta jicho kwa ncha ya kanga.

"Bega limeacha kiburi," akasema.

"Lala salama, Bibi."

"Lala salama, mama."

Ndani ya chandarua, Sikitu aliishika filimbi. Aliisogeza mdomoni. Alitamani kuipuliza, mara moja tu, isikike mpaka kwa akina Msengi.

*Miguu, tulia. Pumzi, ingia, toka.*
*Jicho, fumba. Subiri… subiri…*

Akaishusha polepole mpaka kifuani.

Filimbi ikalala. Miguu ikalala. Sikitu naye akalala.

Na wewe je, miguu yako imetulia? Basi vuta pumzi. Itoe polepole. Jumamosi itakuja yenyewe.