Jina Aliloliita Hamza Kwenye Kanda

"Usinisubiri kula," Hamza aliniambia Jumatano ile, yuko mlangoni, unga umebaki kwenye nyusi. "Leo ndiyo tunamalizia. Nikirudi, mumeo ni mzimu kamili."

"Jifute kwanza, utatisha watoto wa jirani."

"Si ndiyo kazi yenyewe, mke wangu?"

Akacheka, akaenda Turiani na wenzake. Jioni lori la mpunga lililowapa lifti lilipinduka kabla ya kufika Dakawa. Wenzake waliumia. Yeye hakurudi.

Hamza alikuwa muuza nyanya. Kwenye uigizaji alivutwa na Bonifasi, mpiga video wa harusi, ambaye kwa kamera yake hiyohiyo alitengeneza filamu ya kutisha: visa vitatu, kanda moja. Miaka ile kila mtaa wa Morogoro ulikuwa na kibanda cha video, na kila mwenye kamera alijiona anaweza. Kisa cha tatu kilikuwa cha Hamza. Mume aliyekufa anarudi kumwita mkewe, mke anajifungia ndani. Mke aliigizwa na binti mmoja wa Mji Mpya, Shadia.

Kanda ilipoanza kuonyeshwa, mimi nilikuwa ndani ya eda, nyumbani kwa mama mkwe, Mwembesongo. Kutoka siwezi. Filamu ya mume wangu niliipata kwa midomo ya watu.

Wa kwanza alikuwa wifi yangu Nasra.

"Wifi, kisa cha kwanza ni aibu," alisema. "Jini limevaa saa ya mkononi! Watu wakapiga kelele, 'Jini, saa ngapi?'"

"Na cha pili?"

"Damu yote ni juisi ya choya. Mama mmoja nyuma yangu akasema, 'Wanamwaga bure, si wangetupa tukafuturie?'"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Cha tatu je?"

Nasra akaanza kukunja kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Cha tatu walinyamaza. Kaka alitisha, wallahi. Halafu wakacheka."

"Kwa nini?"

"Alikosea jina. Mke kwenye filamu anaitwa Zaituni. Yeye kasimama nje ya mlango, machozi yanamtoka, akaita... akaita Mwaisha."

Mwaisha ni mimi.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Kaita nani?"

"Mwaisha, mama. Watu wanasema waigizaji wa siku hizi hata majina hawakariri."

"Astaghfirullah," mama alisema. "Kwetu Kinole maiti akikuita, huitiki. Ukiitika, unamfuata. Na huyu anamwita mke aliye hai, kila siku, mbele ya watu!"

Siku ya pili ujumbe uliingia kwenye simu ya Nasra. Akanisomea: "Shem pole. Mteja wa Dar kaikataa kanda, anasema mzimu unakosea jina. J3 mwigizaji mwenzake Agustino ataingiza sauti upya. Naomba ruhusa yenu. Boni."

"Mwambie hapana," nilisema.

"Mwambie ndiyo," alisema mama.

Jioni Bonifasi akaja mwenyewe, mkono bado umefungwa bendeji. Alisimama nje ya pazia, kwa kuwa mimi sikutakiwa kuonana na wanaume.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ukimaliza kusema, uende ukalifute hilo jina."

"Shemeji," aliita upande wangu, "nilimwambia turudie. Akasema, 'Boni, nikisema Zaituni machozi hayaji.' Jua lilikuwa linazama, nikaacha. Nikajua tutarekebisha siku nyingine."

Nilishika pazia nisilifungue.

"Kabla hujafuta, niletee nisikie. Mara moja tu."

"Deki naweza kuibeba kesho, shemeji."

"Haiingii humu," mama alisema.

"Mama, ni sauti yake. Sina nyingine."

"Utaitika. Nakujua, utaitika! Nimezika mmoja, mwanangu. Sitazika wawili."

Nilimjibu kwa ukali kwamba yeye alimzaa lakini jina aliloliita ni langu. Bonifasi akaaga taratibu.

Jumapili alasiri kulikuwa na onyesho la mwisho la kanda ile. Mama akavaa baibui, akamwambia Nasra:

"Nipeleke kibandani."

"Wewe, mama? Kwenye video?"

"Kwani kuna mlinzi wa kunizuia?"

Walirudi kabla ya magharibi. Nasra alikuwa amevimba macho, akapita moja kwa moja uani. Mama akaketi kwenye mkeka wangu, karibu sana.

"Walicheka?" nikauliza.

"Walianza. Alipoita, nikasimama. Nikasema, 'Abee.'"

Sikuelewa mara moja.

"Nimeitika mimi, Mwaisha. Nikasema tena kwa sauti, 'Abee, baba, nipo.' Hakuna aliyecheka baada ya hapo. Mwanangu kwenye video akageuka, akaingia kwenye shamba la mahindi. Ameshaitikiwa. Hatakuita tena wewe."

"Mama, mimi nilitaka aniite."

"Najua."

Nje mtu aliadhini, mama hakunyanyuka.

"Unataka kujua aliita vipi?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Mama akavuta pumzi, akaniita jina langu. Aliliita taratibu, mwisho ukipanda kidogo, kama mtu aliyebeba mizigo mikono yote na anaomba afunguliwe. Alikuwa Hamza mtupu. Mdomo ukanifunguka, na kabla sijatoa sauti mama akaniziba kwa kiganja. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Akanishikilia hivyo mpaka akajua sitaitika.

"Mwambie Bonifasi afute," nilisema aliponiachia. "Nimeshaitwa."

Jumatatu Agustino aliingiza sauti. Kanda inauzwa hadi Ngerengere, mzimu unaita Zaituni, na watu wanasema kisa cha tatu ndicho kizuri.

Eda yangu imeisha. Bado naishi na mama, Mwembesongo.